Ulizima au Ulifunika Tu?

Nafula mwanangu,

Barua za watu huanza na "natumaini u mzima kama nilivyo mimi." Hii yangu haianzi hivyo, kwa sababu asubuhi nimekuacha jikoni umesimama ukila mkate mkavu, na nimeona kwa macho yangu kwamba u mzima. Nakuandikia nikiwa kibandani hapa Thika. Ni mchana, stima imepotea mtaa mzima, mafundi wenzangu wametoka nje kupiga domo, na mimi nimebaki na laptopu za watu zimefunguliwa matumbo mbele yangu. Kalamu haihitaji stima. Jioni nitaitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uisome ukishafika Lodwar na si kabla. Ukiisoma kabla tutaanza kulia sisi wote wawili, na basi halingoji watu wanaolia.

Mambo ya kubeba sweta na kuchemsha maji sikuandikii. Mama Njeri wa mlango wa pili ameshakuambia, na kwa ile sauti yake Ruiru nzima imesikia. Mimi nina mengine.

Kwanza, jambo la Jumamosi. Baba mkubwa wako Barasa atakuja na gari kutoka kwake Theta, akidhani atakukuta. Mpango wake, alioutangaza mbele ya familia nzima kana kwamba mimi ni kiti cha plastiki, ni kukupeleka Bungoma kwa kukhu, nyanya yako, ukatulie, uombewe, "halafu tuone." Sote tunajua hiyo "tuone" ni nani. Ni yule mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe wa maziwa, ambaye kila akitajwa watu wanataja ng'ombe kwanza. Basi lako linaondoka kesho. Siku ya safari sikumwambia Barasa. Akiniuliza kwa nini sikumwambia, nitamjibu kwamba hakuniuliza. Tangu baba yako afariki, huyo shemeji yangu amejiona ndiye mwenye kusema neno la mwisho katika nyumba ambayo halipi hata tokeni za stima. Nimepika katika matanga yao yote. Nimenyamaza katika vikao vyao vyote. Kwa hili sinyamazi, na ruhusa siombi.

Unajua neno wanalolitumia juu yako. "Amezima." Wanalisema kanisani, wanalisema kwenye ploti tunakopanga, hata Mama Njeri anayekupenda alishika kichwa akasema, "Ngai, mtoto alikuwa anawaka vile, akazima tu!" Wananiambia mimi hivyo! Mimi ambaye kazi yangu ni kujua kitu kilichozima na kitu kisichozima.

Haya nitakayoyaandika sasa unayajua vizuri. Vumilia. Nayaandika ili nijisikie nikiyasema.

Kompyuta ikiwa kazini, kila kitu ilichofungua kinakuwa kwenye kumbukumbu ya muda, kama vitu vilivyotandazwa mezani. Meza hiyo inashikiliwa na stima, na stima ikikatika meza inabaki tupu. Sasa, mtu akifunika laptopu yake tu, mara nyingi inasinzia. Kioo kimekuwa cheusi, lakini ndani betri inaendelea kuilisha ile meza kidogo kidogo ili kitu kisianguke. Ukiitazama utadhani imepumzika vizuri. Betri ikiisha, kwaheri.

Kulala fofofo ni kitu kingine. Hapo mfumo unaoendesha mashine unasimamisha kila programu mahali ilipo, hata iwe katikati ya sentensi. Unanyamazisha vifaa kimoja kimoja. Halafu unachukua kila kilicho mezani, chote, na kukiandika kwenye diski, ambako hakihitaji stima ili kikae. Ndipo unakata moto kabisa. Ukiigusa ni baridi. Asiyejua ataapa imekufa. Iweke kabatini mwezi mzima ukipenda. Siku utakayobonyeza, itasoma ilichoandika, itakitandaza tena mezani, na utaikuta ile sentensi nusu pale pale ulipoiachia.

Kwa hivyo walipokuja kuniambia mtoto wangu amezima, niliwajibu, tena kwa ukali, "Hajazima. Amelala fofofo. Kila kitu chake kiko ndani." Nililisema sana neno hilo. Nililisema kwa mchungaji, kwa Barasa, kwa mwenye nyumba. Na nilikuwa nimekosea, Nafula, ila si kwa namna wanayodhani wao.

Wacha nianze na Juja. Siku ile mwenzako wa chumbani alinipigia simu akasema, "Mama Nafula, njoo tu. Hatoki kitandani, na haongei." Nilifunga kibanda na laptopu ya mtu ikiwa wazi. Nilipofika hosteli ulikuwa umelala ukiuangalia ukuta. Mezani kulikuwa na daftari lako, mchoro wa saketi uliochorwa nusu, kalamu haina kifuniko. Nikasema, "Haya, amka twende," kama vile ulikuwa umekataa kwenda shule ya msingi. Nikatafuta pikapu, nikakubeba pamoja na vitu vyako vyote, na ule mchoro niliushika mkononi mpaka Ruiru usikunjike.

Nyumbani nikaitandaza meza yako karibu na dirisha vile vile ilivyokuwa. Daftari wazi ukurasa ule ule. Kalamu bila kifuniko. Nilikuwa najivuna, aki ya Mungu. Nilijiambia, siku atakayoamka atakaa hapa na kumaliza huo mstari. Ulipita karibu na hiyo meza ukienda chooni na kurudi, ukipita ukiangalia pembeni, na mimi sikuliona hilo.

Watu niliwadanganya. Niliwaambia malaria, halafu taifodi, halafu nikasema chuo kimefungwa, na wanafunzi wa Juja wamejaa barabarani wakipita mbele ya mlango wangu. Daktari wa akili pale Thika alituambia jina la ugonjwa bila kunong'ona, akakupa dawa, akasema watu wengi wanaugua hivi na wanaendelea kuishi. Mimi nikaenda nikazificha dawa kwenye kopo la majani chai ili Barasa asizione. Ulikuwa unazimeza kutoka kwenye kopo la majani chai kama mwizi, ndani ya nyumba ya mama yako. Hilo ndilo linaloniuma kushinda mengine yote. Ugonjwa haukuwa aibu. Aibu niliileta mimi, nikaiweka jikoni.

Nimekatizwa. Amekuja kijana na simu iliyoanguka kwenye karai la nguo, anataka niiwashe bila stima. Nimemwambia aiweke juani na asiiguse. Ameibonyeza mbele yangu. Watu!

Sasa nije kwa mwalimu mmoja wa kwaya, mteja wangu. Hiki kisa sijawahi kukwambia chote, kwa sababu wakati ule ulikuwa bado chumbani.

Alitoka Gatuanyaga, na laptopu yake ilikuwa na vumbi la huko mpaka ndani ya matundu ya spika. Ndama alikuwa ameikanyaga kioo. Akanieleza vile ndama aliingia sebuleni, akanieleza na jina la ndama. Nikamwambia kioo kitatoka Nairobi, angoje. Akasema, "Basi ukiwa unangoja, nisaidie kuisafisha, imejaa. Toa picha za zamani, na unitilie hizi nyimbo tulizorekodi." Nikaitoa diski, nikaichomeka kwenye mashine yangu, nikafuta nilivyoambiwa nifute, nikahamisha makabrasha, nikatia nyimbo zake. Kazi safi kabisa. Kioo kikaja, nikarudisha diski, nikabonyeza.

Ikaamka vizuri ajabu! Ikafunguka pale pale alipoachia, ubeti wa tatu wa wimbo aliokuwa akiuandika, kile kijistari kinapepesa mwishoni mwa neno. Mwalimu akapiga makofi. Akaimba ule ubeti wa tatu hapa hapa kibandani, na muuza viazi wa nje akamwitikia. Nikajiona mimi ndiye fundi wa Thika yote.

Hata hakufika mbali. Akapiga simu, "Mama, nyimbo zimekuwa takataka." Makabrasha mengine hayafunguki, mengine yana majina ya herufi ambazo hazisomeki. Nyimbo mpya zimeharibika, na za zamani alizozitunga mwenyewe zimeharibika.

Kwa nini? Wewe ndiye baadaye ulinieleza vizuri kuliko nilivyojieleza mwenyewe. Mwalimu hakuwa ameizima ile mashine. Ndama alipoingia, yeye aliifunika tu akakimbia kumfukuza, na ilikuwa imepangwa kwamba ukiifunika inalala fofofo. Ndama akarudi akaikanyaga. Kwa hivyo picha ya meza yake ilikuwa imeandikwa ndani, pamoja na kumbukumbu ya vile diski ilivyokuwa siku ile: hapa pana kitu, hapa pako wazi. Mimi nikaja nikapanga upya nyumba ilhali mwenyewe, yaani ile mashine, amelala. Alipoamka hakuwa na habari. Aliandika pale alipokumbuka pako wazi, na pale ndipo nilipokuwa nimeweka nyimbo. Kumbukumbu ilikuwa ya kweli. Diski ilikuwa ya kweli. Hazikuwa za siku moja.

Na nilichopaswa kufanya ni rahisi mpaka kinatia hasira. Ningeitupa ile picha iliyohifadhiwa, mashine ikaanza upya kama asubuhi. Angepoteza ubeti wa tatu ambao bado hakuwa ameuhifadhi, basi. Kila kingine angekikuta. Lakini mimi nilitaka ile furaha ya kuona imefunguka pale pale.

Tangu siku hiyo ndipo unanisikia nikiuliza kila mteja kabla hajaweka mashine mezani, "Ulizima au ulifunika tu?" Wananicheka. Vijana wa Juja wamenibandika hilo swali kuwa jina langu. Wacheke. Naliuliza, na nitaendelea kuliuliza.

Sasa sikia upumbavu wa mama yako. Nililijua hilo la diski, na bado kwako nikafanya lile lile. Ulipoanza kuamka asubuhi, kuoga, kuja nami kibandani kushika vyuma vya kulehemu, mimi nilisema moyoni, haya, imewaka! Nikakukimbiza Juja. Kozi ile ile, hosteli ile ile. Nilizunguka mpaka nikapata chumba kile kile, nikalipanga daftari kwenye meza ile ile, nikaacha kalamu wazi. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ulirudi Ruiru kabla muhula haujafika katikati, umebeba begi lako, na mimi badala ya kukushika nikakuuliza, "Si ulikuwa sawa?" Ukakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hujavua hata viatu, ukaniambia, "Mama, yule uliyempeleka Juja mimi simjui." Nilikasirika, Nafula. Sitaki kukupaka mafuta. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimemtunza vizuri sana huyo usiyemjua. Nilimpangusia vumbi kila siku.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kipindi chote kile ulichokuwa chumbani, na baadaye hapa kibandani, hukuwa mashine baridi kabatini. Mambo yalikuwa yanaandikwa. Foleni ya kliniki iliandikwa. Dawa ziliandikwa. Yale majani chai yaliandikwa. Na yule nyanya wa Gatuanyaga aliyekuja na taa yake ya sola imekufa, ukamwambia arudi kesho akakataa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakuangalia ukiifungua, mpaka ikawaka. Unakumbuka alivyosema? "Haiya! Kumbe ni kakitu kadogo hivyo!" Akakushika mashavu kwa mikono yake yenye udongo. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilikuona ukicheka tangu nikutoe Juja, na kicheko chenyewe hakikuwa kile cha zamani. Kilikuwa cha mtu mwingine, mzito zaidi. Mimi nikakaa nikikitamani kile cha kwanza. Nisamehe kwa hilo.

Baada ya huyo nyanya zikaja taa nyingine, halafu betri, halafu pampu ya kisima ya jirani yake. Halafu ukaandika maombi ya mafunzo ya pampu za sola huko Lodwar, ukayatuma kwa mashine yangu mwenyewe nikiwa nimeenda kununua vipuri, na hukuniambia mpaka ulipokubaliwa. Safi sana. Ningejua, ningekuzuia. Uliponiambia nilisema, "Lodwar? Wewe? Kwa nani?" Kisha nikasema lile nililokuwa nikilisema kila mahali, kwamba hukuzima, kila kitu kiko ndani, Juja inakungoja pale pale.

Nawe ukaweka chini koleo, ukaniuliza kwa sauti yangu, "Mama, si unauliza kila mtu? Niulize basi."

Nikainamia kazi yangu.

Ukajijibu mwenyewe. "Nimezima. Ile ya Juja nimeizima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sijafunika."

Wee! Watu wote wale walikuwa wanasema umezima, na mimi nawapinga, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba kuzima kunaweza kuwa kazi ya mtu mwenye akili timamu aliyeamua. Wao walikuwa wanakuzika. Mimi nilikuwa nakukausha nikuhifadhi. Wewe ulikuwa umeshawasha kitu kingine.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita kule Theta sikunyamaza. Ulikuwa nje na watoto wa Barasa mkikamua miwa, hukusikia. Barasa alikaa kwenye kiti chake kile cha mikono, akaanza polepole, "Shemeji, huyu mtoto alizima hapo Juja tu, mahali mama yake anaweza kufika na pikipiki. Kule jangwani nani atamwasha?"

Nikamwambia, "Hana swichi, shemeji."

Wanawake wakacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Wewe ndiye ulimharibu na hayo makompyuta yako. Mtoto wa kike anahitaji watu, anahitaji nyumba."

"Nilimpa nilichokuwa nacho. Wewe ulimpa nini?"

"Nilimpa jina la mama yangu!"

"Basi mwache jina lifike Lodwar."

Shangazi yako mmoja akaanza kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Barasa akasema Jumamosi atakuja na gari, na hilo limekwisha. Mimi nikanywa chai yangu yote, nikashukuru, nikatoka.

Lakini sitaki uende ukimchukia. Barasa si mtu mbaya. Alipojua ukweli, siku mliyokaa kliniki tangu asubuhi mimi nikiwa kazini, ni yeye aliyekaa nawe akikumenyea machungwa, na jioni alipokurudisha kwangu alijifungia chooni akalia, nikamsikia. Anaogopa. Mimi pia naogopa, hata sasa ninapoandika haya. Tofauti yetu ni kwamba yeye anataka uogope pamoja naye, na mimi nataka uniachie hiyo kazi niifanye peke yangu.

Stima imerudi. Mashine zote zimepiga kelele. Imepotea tena. Sawa, naendelea.

Kuna jambo moja langu ambalo ningetaka ulijue kabla hujaanza kazi na watu. Baba yako alipofariki, mimi sikuzima na sikulala fofofo. Nilifunika tu. Tulimzika, na wiki hiyo hiyo nikafungua kibanda, nikacheka na wateja, nikaimba kanisani, nikapika. Watu walinisifu, "Mama Nafula ni mwanamke wa nguvu." Nilikuwa nasinzia, betri inanila ndani kidogo kidogo. Unaijua ile laptopu ambayo mtu ameifunika, programu moja ikakataa kusimama, na mashine ikashindwa kulala? Anaitia kwenye begi akidhani imetulia, anaitoa imechemka, betri imekwisha. Nilikuwa hivyo. Siku moja nilimpigia mteja kelele mpaka akaacha mashine yake akakimbia, nikakaa sakafuni katikati ya waya nikashindwa kusimama. Wewe ulikuwa mdogo, ukaja ukaniletea maji kwa kifuniko cha chupa. Mtu anaweza kukaa miaka akisinzia akidhani anapumzika. Ukichoka huko, simama kabisa. Mwambie msimamizi wako, leo nimesimama. Acha watu waseme. Watasema hata ukikimbia.

Na dawa zako weka mezani. Mezani, Nafula, penye mwanga, mahali mwenzako wa chumba anaweza kuziona na kuuliza. Nimelitupa lile kopo la majani chai. Nimenunua lingine jipya.

Sasa lile la jana. Ulikuwa unakunja nguo, umenipa mgongo, ukauliza taratibu kama unaulizia chumvi, "Mama, na ikinirudia kule?" Mimi nikaruka nikasema sufuria inaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Nilikimbia swali. Nimekuwa nikilibeba tangu jana, na nadhani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jibu langu ni hili. Inaweza kurudi. Daktari hakutuficha, na mimi sitakuficha. Inaweza kurudi kwenye joto lile, katikati ya kazi, umeshika spana, bila kukuuliza. Ikirudi si kwamba ulikosea kwenda. Tafuta mtu mmoja tu aliye karibu umwambie kwa kinywa chako. Nenda hospitali ya huko. Kisha nipigie mimi, hata kama huna neno la kusema, piga tu, nitausikia huo ukimya na nitaujua.

Ila usifunge begi. Barasa atasema, "Si niliwaambia?" na atataka kuwasha gari, na kanisa litataka kukuombea kwa jina, na kuna siku hata mimi sauti yangu itatetemeka nitasema rudi nyumbani. Usinisikilize siku hiyo. Juja nilikuja nikakung'oa na meza yako na mchoro wako, nikakupeleka mahali ambapo ulikuwa mgonjwa tu na si kitu kingine. Sirudii.

Ikirudi, safari hii sitakuja kukuchukua. Nitafunga kibanda, wenye laptopu wataningoja au watakwenda kwa wengine, shauri yao. Nitapanda basi hilo hilo. Nitakuja kukaa. Nitakupikia uji kwenye jiko lako, nitalala chini, nitalaani hilo joto la Lodwar kwa Kibukusu mpaka majirani zako wajifunze matusi. Sitaleta daftari lolote, wala sitakuambia amka twende, kwa sababu hatutakuwa na mahali pa kwenda. Nitakaa tu. Na asubuhi utakayofungua macho ukiwa mtu nisiyemjua, nitakusalimia, nitakuambia mimi ni mama yako, na nitakuuliza wewe nawe unaitwa nani.

Mama yako,
Rosa